Vitabu vya Kumsomea Baba

Mimi kitabu sikianzii mwanzo. Nakifungua katikati, kama mnunuzi wa samaki anavyoinua shavu kutazama wekundu, na natafuta jambo moja tu: nani hapa anapigwa. Nikikuta watu wanakunywa chai na kusifiana maua, nakifunga. Nikikuta mtu ana mtu chini, naendelea. Pale mtaani kwetu Rumonge wanasema nina roho mbaya, mwanamke mzima, fundi cherehani, kazi kusoma habari za visu. Waseme. Nimekulia katika nyumba ambamo kipigo kilikuja kama chakula, kila mtu na sehemu yake, na kitabu kisicho na kipigo nakiona kimeandikwa na mtu anayenificha kitu.

Mwaka jana, baada ya Idi, ilikuja sauti kwenye simu kutoka Kigoma. Alikuwa mke mdogo wa baba, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona. Alisema mzee amevimba miguu mpaka tumboni, hospitali wamemrudisha nyumbani, na yeye mwenyewe ameshajua. Anaomba radhi mbili kabla hajafumba macho: yangu na ya mama. Asiyejua mambo yetu aelewe hivi: kwetu Waislamu mtu anayeona kifo kinakuja huwaomba watu wamsamehe, kwa sababu haki ya Mungu Mungu huisamehe mwenyewe, lakini haki ya mtu inamngoja huyo mtu. Usiposamehewa hapa unakwenda nayo. Baba alikuwa na kila sababu ya kuogopa.

Alikuwa na mitumbwi Minago, kijiji cha ziwani tulikoishi, na vijana wa kuvua, na sauti kubwa. Ndagala, dagaa wetu, zilipotolewa ziwani asubuhi zilitandazwa mchangani zikauke, na sisi watoto tulizilinda dhidi ya ndege, mbuzi na mvua. Siku ninayoikumbuka nililinda huku nimeshika kitabu cha shule cha Kifaransa, chenye hadithi ya mtu aliyetupwa kisimani na ndugu zake. Mvua inayovuka ziwa kutoka upande wa Kongo haipigi hodi. Niliposhtuka, ndagala zote zilikuwa uji wa mchanga.

Baba alikuja na kafi la mtumbwi. Pigo la kwanza lilinipata mgongoni, nikaanguka kifudifudi juu ya samaki wale, mdomo ukajaa mchanga na magamba. La pili halikunifikia. Mama alikuwa ameshafika, amejitupa juu yangu na mkono wa kushoto ameuinua, na mimi nilikuwa chini yake kabisa, nikausikia mfupa. Baba naye aliusikia, na hakuacha. Alimpiga kiunoni, alimpiga mapajani, alimpiga mpaka kafi likapasuka, halafu akaokota kitabu changu akakitupa ziwani na kwenda kutawadha, maana adhuhuri ilikuwa imeingia.

Watu wasinitafutie sababu humo. Mwalimu mmoja aliwahi kuniambia kwa upole kwamba labda nisingekuwa nasoma siku ile mambo yasingefika pale. Nilimjibu kwamba siku nyingine sababu ilikuwa chumvi, na siku nyingine mama alicheka tu na jirani. Mwenye fimbo hakosi sababu. Nilimwambia hivyo nikiwa nimesimama karibu naye mno, akarudi nyuma.

Mkono uliungwa na fundi wa mifupa wa kijiji cha Gatete, ukashika kombo. Mama hawezi kuuinua kupita bega. Miaka michache baadaye baba alivuka kwenda Kigoma kuuza mtumbwi, akaona pazuri, akaoa, akabaki. Hakumpa mama talaka wala matumizi. Mama alihama Minago akaja mjini Rumonge, akauza mawese kwa mkono mmoja mpaka nilipomaliza kujifunza cherehani. Hakuwahi kumtaja baba kwa ubaya mbele ya watu, na watu wakamsifu kwa moyo wake wa kusamehe. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Sauti ile ya simu mama aliisikiliza mpaka mwisho, mimi nikitaka kuipigiza simu ukutani. Nilimwambia siendi. Nilisema mzee aoze na miguu yake. Mama alisubiri nimalize, kama kawaida yake.

"Wende," alisema. "Umusikilize. Lakini usimukumbushe kitu. Kama yeye mwenyewe anakumbuka ile alinifanyia, anaisema na kinywa yake, nitamusamehe. Kama hakumbuke, Mungu iko."

Nikamuuliza, na mimi je? Akasema yangu ni yangu, niifanye ninavyotaka.

Nilishona vibaya siku zile. Mteja mmoja wa mtaa wa Buyenzi alikuja kuchukua gauni akakuta mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, tukatukanana. Kichwani nilikuwa na jambo moja tu. Namjua baba. Hawezi kukumbuka kitu kilichomuuma mwingine bila kusukumwa, na mimi nimekatazwa kusukuma. Ndipo nilipoona mlango. Mama alinikataza kumkumbusha. Hakunikataza kumsomea.

Baba hajui kusoma ila aya alizokariri madrasani, lakini siku zote alipenda kusomewa. Kule Minago, kisomo changu kilikuwa dhambi mpaka jioni barua ya mnunuzi wa Bujumbura ilipofika. Hapo niliitwa, nikawekewa kigoda, na watu wote wakanyamazishwa. Angenisikiliza. Kilichobaki ni kupata kitabu kitakachompiga mahali panapotakiwa, kimpige mpaka aseme mwenyewe, nami nisiwe nimetamka hata neno mkono.

Rumonge hakuna duka la vitabu. Kuna duka la madaftari na kalamu za bic, kuna maktaba ya shule ambayo mwenye ufunguo daima ametoka kidogo, na kuna muuza chaguwa, yaani mitumba, sokoni, yule wa viatu. Ndani ya mabelo yake, marobota ya viatu vya Ulaya, hutokea vitabu vya Kifaransa, sijui huko wanavitia vya nini, labda uzito utimie. Huwapa wauza karanga wafungie. Nilichutama pale katikati ya ndala na mabuti nikavifungua kimoja kimoja.

Cha kwanza kilikuwa na mwanamke anayepaka rangi ukuta na kumkumbuka bibi yake. Nikakirudisha. Cha pili kilikuwa na maiti chini ya theluji, na nikakipenda, lakini nilimjua mteja wangu: angeniuliza theluji ni nini, inauzwaje, inaua mihogo au haiui, na marehemu angesahauliwa. Cha tatu hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo. Katikati yake mume alikuwa amemfungia mkewe jikoni na alikuwa anatafuta kitu cha kumpigia, anakataa kijiko, anakataa ufagio, anachukua chuma cha kuchochea moto. Nilikisoma pale pale mpaka muuzaji akaniuliza kama nimekuja kununua viatu au kuhamia. Hicho nikakichukua. Kumtafsiria baba ningemtafsiria mwenyewe.

Jirani yangu, mke wa mchungaji, mtu wa Fizi ya Kongo aliyekimbilia kwetu na anayenishonea vifungo nikizidiwa na kazi, alisikia kwamba natafuta kitabu cha kumsomea mgonjwa. Akaniletea kimoja cha mahubiri juu ya kusamehe. Kwa heshima yake nilikifungua katikati. Kulikuwa na mto, na miti kando ya mto, na moyo unaotiririka. Hakuna aliyekuwa anapigwa. Nilimrudishia nikamshukuru, murakoze sana, mgonjwa wangu hapendi miti. Alikichukua. Yeye amewaona watu wakichinjwa kwao, na vitabu vyake vyote vina mito. Kila mtu na dawa yake.

Kilichobaki nilikipata nje ya msikiti, kwa mzee anayeuza tasbihi, uturi na vijitabu. Nilipomwambia baba yuko katika hali ile akanipa Yasini bila kufikiri, maana ndiyo husomewa anayekata roho, impunguzie uzito. Macho yangu yalikuwa pembeni, kwenye kijitabu chembamba chenye maandishi ya Kiarabu juu na Kiswahili ndani, cha adhabu za kaburini. Nikakifungua katikati. Malaika alikuwa ameinua nyundo, na nyundo ile ikishuka mtu anazama ardhini, anarudishwa, inashuka tena. Kaburi linambana mpaka mbavu za kulia zinaingia katika za kushoto. Yule mzee aliniambia kwamba hicho husomewa wazima ili waogope, mgonjwa hasomewi. Nikamwambia nitakisoma mwenyewe njiani. Yasini sikuichukua.

Nilikisoma kabla ya safari, kwenye cherehani, wateja wakiwa mbele yangu. Nilikisoma nikipika. Nilifurahi, na sitaki kusema vinginevyo. Kila nyundo iliposhuka nilimwona baba chini yake, na nilipomaliza nilianza upya. Mama alikuwa ananiona. Aliniuliza tu kama kitabu ni kizuri, nikasema kizuri sana.

Safari yenyewe si ndefu kwa ramani. Kutoka Rumonge unashuka na barabara ya ziwa mpaka Nyanza-Lac, unapanda mpaka Mugina, unavuka, na upande wa pili ni Tanzania. Lakini mafuta ya gari kwetu siku hizi hutafutwa kama dawa, na hiace iliyotuchukua ilituweka Nyanza-Lac kituoni asubuhi nzima. Nilikaa juu ya begi nikafungua kile cha Kifaransa. Nilifika pale mume anapokiweka chuma motoni, na mbele yangu wakamkamata mwizi wa simu.

Alikuwa mtu mzima, mwenye shati safi. Wa kwanza kumpiga alikuwa mwenye simu, na hilo nalielewa. Waliofuata hawakuwa na simu wala habari. Dereva wetu aliteremka kwenda kumpiga teke, akarudi, akaufuta mguu kwenye tairi. Mwanamke aliyekuwa ananiuzia ndizi aliomba nimwangalizie beseni, akaenda na ubao wa sanduku, akampiga nao usoni, na ubao ulikuwa na msumari. Jicho la yule mtu lilitoka maji na damu pamoja. Alikuwa hasemi tena kwamba si yeye. Alikuwa anaita mama yake kwa Kirundi. Polisi walifika wakaanza na wao, halafu wakamburuta.

Yule wa ndizi alirudi akaketi, akaniuliza nataka ngapi. Uso wake ulikuwa na raha. Nilitaka kumtukana, lakini wakati wote ule mimi nami sikuinuka na kidole changu kilikuwa bado kimeshika ukurasa. Ndizi sikununua. Nilirudi kitabuni nikasoma mke wa jikoni alivyounguzwa, na safari hii maneno yalikuwa na harufu.

Mpakani afisa alipekua begi langu. Kile cha Kifaransa alikipekua kwa kutafuta pesa. Kile cha kaburi alikishika kwa mikono miwili akakirudisha taratibu, akaniuliza nani anaumwa. Nikasema baba. Akanigongea muhuri bila kuuliza zaidi na kuniombea kwa Mungu.

Nyumba ya baba iko upande wa Ujiji, ya matofali ya kuchoma, ua umefagiwa. Mke mdogo alinipokea kwa adabu, akanishika miguu kama mgeni mkubwa. Alikuwa na kovu juu ya nyusi. Nililiona kabla sijaona uso. Mwanawe wa kwanza, kaka yangu kwa baba, ni mpakuzi wa mizigo bandarini, na ana mikono ile ile ya baba. Baba alikuwa kitandani amekaa, ameegemezwa mito, miguu imevimba inang'aa. Sikumwogopa. Nilishangaa kwamba nilikuwa nimeinamisha kichwa nilipoingia, kama mtu anayekwepa.

Alinishukuru kuja. Alisema nimenenepa, nimependeza. Akauliza hali ya mama, nikasema mzima. Kisha akaona kitabu mkononi mwangu, yale maandishi ya Kiarabu juu, na uso ukamnawiri. Akawaambia wote waje, binti yake ameleta Yasini.

Sikumsahihisha mtu. Mke mdogo aliweka ubani kwenye chetezo, wanawake wa jirani wakaitwa, wakafunika vichwa na kuketi mkekani. Nilisema bismillahi, maana hata mimi naogopa. Kisha nikafungua pale kwenye nyundo.

Wanawake walijua haraka kwamba hii si Yasini. Mmoja alisema astaghfirullah, mwingine akamtazama mke mdogo, lakini maneno ni ya dini na anayesoma ni mtoto wa mwenye nyumba, nani angenikatiza. Nilisoma kwa sauti ya kushuka na kupanda, nyoka mwenye kucha za chuma nikamsoma mara mbili. Nilikuwa namtazama baba juu ya ukurasa, nangoja aanze kutetemeka.

Alikuwa anafurahi. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza mpira redioni na timu yake inaongoza. Nilipofika kwa asiyeswali akasema, "Huyo ni yule jirani yetu wa Minago, nilimuambia." Kwa mla riba akamtaja mnunuzi wa mawese, akamtaja na baba wa huyo mnunuzi. Kwa mlevi akacheka mpaka kifua kikambana, ikabidi apewe maji. Kila adhabu aliitafutia mtu wake, na hakuna hata moja iliyompitia yeye karibu.

Nikaanza kuruka kurasa. Nilitafuta aliyemvunja mkewe. Walikuwemo wasengenyaji, walikuwemo wapokonya mali ya yatima, alikuwemo hata yule asiyejisafisha akishakojoa. Mkojo ulikuwa na sura yake, na maelezo, na nyundo yake. Mkono wa mama yangu haukuwemo popote. Nilipita kitabu chote mara ya pili huku wanawake wananisubiri, nikamchukia aliyekiandika kuliko nilivyomchukia baba. Nikasema nimechoka, nitaendelea kesho.

Kesho yake tulikuwa sisi wanne tu, yeye, mke mdogo, mwanawe na mimi, na nikaleta kile kisicho na jalada. Nilikitafsiri sentensi kwa sentensi. Nilimfunga yule mwanamke jikoni, nikamtafutia mume kijiko, ufagio, chuma. Hapo nilikwenda polepole sana. Mke mdogo alikuwa anasaga dawa ya mzee kwenye kinu kidogo, na mchi ukasimama. Nilimpiga yule mwanamke mpaka akafa, nikafunga kitabu, nikangoja.

"Muzungu huyo hana akili," baba alisema. "Muke hauawi. Muke anafundishwa."

Nilitoka nje nikaushika ukuta wa choo. Niliuma khanga mpaka meno yakauma. Nilifikiria kuondoka palepale, na nilifikiria mto mmoja kati ya ile aliyoegemea, jinsi ungetosha uso wake. Kaka yangu alitoka akaniuliza kama naumwa, nikasema jua. Aliniletea maji kwenye kopo, akasimama mpaka nikanywa. Nilitamani asingekuwa mwema.

Siku iliyofuata baba mwenyewe ndiye aliyeita watu. Alikuwa amebadilika usiku, sauti imekuwa ya ndani. Walikuja imamu wa pale, wanawake wale wale, mke mdogo na mwanawe. Nikaketishwa kando ya kitanda. Sikuwa nimefungua kitabu chochote, ila kile cha kaburi kilikuwa mapajani.

Aliniomba mimi kwanza. Alisema alinichapa utotoni, mzazi hukasirika, nimsamehe. Watu wote wakanigeukia. Nikauliza kitu pekee ambacho niliona mama asingenilaumu kukiuliza.

"Na mama?"

Baba alifumba macho. Nilimwona anatafuta. Siwezi kumsingizia, alitafuta kweli, midomo inatembea, uso umekunjamana, na mimi nilimwomba Mungu kwa nguvu ambazo sijamwomba nazo tena tangu siku ile. Sema mvua. Sema kafi. Taja Minago tu, mengine nitayavuta mwenyewe.

"Ndiyo," alisema. "Mama yako nilimukosea. Ile mbuzi yake ya maziwa. Niliipeleka soko ya Rumonge, nikauza, sikumuambia. Mwambie anisamehe ile mbuzi."

Imamu akasema Mungu ampokelee. Wanawake wakaitikia. Mke mdogo alikuwa anafuta machozi kwa sababu ya mbuzi.

Nikamwambia atafute tena. Akasema hakuna ingine. Nikamwambia tena, atafute, na nadhani sauti yangu haikuwa sauti ya mgeni, maana kaka yangu alijisogeza. Baba alisema amechoka.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya shuka karibu yangu. Nikaushika. Kwa aliyeona kwanza ilikuwa binti ameshika mkono wa baba yake. Niliushika juu kidogo ya kiganja, pale mifupa miwili inapokuwa myembamba, na nikaanza kubana na kupinda. Ulikuwa mwepesi. Ngozi ilisogea juu ya mfupa kama soksi kubwa. Naijua ile sauti, nimeibeba tangu utoto, na nilijua ikibaki kidogo tu nitaisikia tena.

"Unaniumiza, mwanangu," alisema.

Nikabana zaidi.

Kaka yangu alinishika shingo kwa nyuma. Alinitoa kitandani kama gunia na kunibamiza ukutani, nikamrudia kwa kucha, nikampata shavuni, akanipiga ngumi ya mdomo. Nililisikia jino likiniegemea ulimi. Nilimuuma mkono nao ukatoka damu, sijui yake au yangu, tukaanguka wote juu ya chetezo na makaa yakamwagika mkekani. Imamu alikuwa anavuta nguo yangu huku anataja Mungu. Kile kijitabu kilikuwa chini, tunakikanyaga, kurasa zinatoka. Hapo ndipo wanawake walipopiga kelele. Hawakuwa wanapiga kelele kwa ajili yangu. Maneno ya Mungu yalikuwa chini ya miguu, na wawili walitambaa katikati yetu kuyaokota huku ngumi zinapita juu ya vichwa vyao.

Nilitupwa nje ya ua, begi likafuata. Kaka yangu alisimama mlangoni anahema, damu shavuni, akaniambia nisirudi hata kwenye mazishi. Alikuwa analia. Mlango haukuwa umefungwa, na kutoka ndani nilimsikia baba anauliza watu, kwa ile sauti yake iliyobaki, kama nimemsamehe. Mtu akamwambia bado sijasema.

Nilingoja kidogo pale barabarani. Sijui nilikuwa nangoja nini. Halafu nikatafuta pikipiki.

Habari ya kifo ilinikuta Manyovu, kabla sijavuka. Mke mdogo ndiye aliyeituma, sauti fupi, bila lawama. Kile cha Kifaransa kilikuwa bado ndani ya begi na zilibaki kurasa nyingi. Kulikuwa na polisi na mahakama huko mbele, yule mume angekamatwa. Sikukifungua. Mdomo ulikuwa umevimba na njia nzima nilikuwa napanga jambo moja: namna ya kumwambia mama habari ya mbuzi. Nilitaka kuisema vizuri. Nilitaka amchukie kama ninavyomchukia, kwa sauti, mbele ya watu, ile sifa yao ya moyo mwema iwafie mdomoni.

Nilimkuta ameketi mkekani ndani. Wanawake wa mtaa walikuwa wameshakuja kumuuliza kama atakaa eda, kwa kuwa baba hakuwahi kumpa talaka na kwa sheria yeye ni mjane. Aliwaambia wasubiri, iko mutu anamungoja. Aliutazama mdomo wangu na hakuuliza umepatwa na nini. Alinipa maji. Alisubiri nimeze.

"Alikumbuka?"

Mbuzi alikuwa ulimini kabisa. Nilimtazama mama. Ana miaka mingi sasa, na sikuwahi kumwona anataka kitu. Siku zote alikuwa mtu wa kukosa na kunyamaza. Pale mkekani alikuwa anataka, wazi kabisa, uso mzima, kama mtoto anayetazama chungu.

"Alikumbuka," nikasema.

Akaniuliza alisema nini. Basi mimi niliyesoma vitabu vyote vile, niliyekosa humo sura ya mkono mmoja, nikamsomea mama bila kitabu. Nilianza na mvua. Nilimwekea baba mdomoni ndagala zilizogeuka uji, na kafi, na mimi chini. Nilimfanya aseme kwamba aliusikia mfupa na hakuacha. Nilimfanya alie mbele ya imamu. Sikupunguza pigo hata moja, kiunoni, mapajani, mpaka kafi likapasuka. Mama alisikiliza amefumba macho, na kila pigo aliitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, hivyo hivyo.

"Alisema mukono gani?"

"Wa kushoto."

Nje kulikuwa na mtu anashusha madumu ya mawese kwenye baiskeli na kugombana na mwenzake.

"Basi nimemusamehe," mama alisema. Akaniambia nikawaite wale wanawake, na nimtafutie nguo nyeupe, atakaa eda.

Nilikwenda kuwaita. Mimi, mpaka leo, sijamsamehe.